Maisha ya Abu Bakari al-Razi, Tabibu na Mkenekaji

Kifungu hiki kimewekwa mwanzoni mwa sura ya mnyambuliko wa vitenzi kwa sababu ambayo haina budi kuelezwa. Mwaka mmoja niliwaagiza wanachuo wangu hapa Kigali waeleze kwa Kiswahili jaribio lolote walilolifanya katika maabara ya kemia walipokuwa shule ya sekondari. Wengi walichagua lile la kutenganisha vimiminika viwili vilivyochanganyika, maji na alkoholi. Mmoja wao aliandika hatua zote kwa mpangilio mzuri, isipokuwa kila alipotaka kusema walichanganua aliandika walichanganya, hata mwisho wa insha vimiminika vikawa vimechanganyika kuliko vilivyokuwa mwanzo. Darasa lilicheka. Kisha mwanachuo mwingine akauliza ni kitenzi gani kinachotaja kitendo chenyewe, yaani kuchemsha, kuukamata mvuke na kuupoza uwe kimiminika tena. Mimi mhadhiri nilisimama mbele ya ubao bila jibu, nikazunguka kwa maneno mengi yasiyofika popote. Jioni nilifungua kamusi, nikalikuta neno limekaa mahali pake: keneka.

Tangu siku ile nimekifundisha kitenzi hicho pamoja na maisha ya mtu aliyekeneka zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, akaandika namna ya kukeneka ili mwingine naye aweze. Mwalimu mtarajiwa na akisome kifungu kwanza kwa ajili ya habari zake.

Abu Bakari Muhammad bin Zakaria al-Razi alizaliwa katika mji wa Rayy mnamo mwaka 865. Magofu ya mji huo yapo leo kusini mwa Tehran, mji mkuu wa Irani, na jina lake la nisba, al-Razi, maana yake ni mtu wa Rayy. Ulikuwa mji wa misafara, uliokaa kwenye njia kuu iliyounganisha Baghdadi na nchi za Khurasani na kuendelea mbele hadi Asia ya Kati. Bidhaa za kila aina zilipita hapo: hariri, dawa, chumvi za madini, manukato.

Ujana wake haukuashiria utabibu. Wapokezi wa habari zake husema alikuwa mpigaji udi hodari na mwimbaji, na wengine huongeza kwamba alifanya kazi ya kubadilisha fedha. Aliingia pia katika alkemia, elimu ya watu waliotumaini kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Utabibu aliuanza akiwa mtu mzima, baada ya kutimiza miaka thelathini, naye akaenda Baghdadi kuusomea. Aliporudi Rayy alikabidhiwa uongozi wa hospitali ya mji, na baadaye akaongoza hospitali huko Baghdadi kwenyewe.

Kuna kisa mashuhuri kinachosimuliwa juu yake. Inasemwa kwamba alipotakiwa kuchagua kiwanja cha kujenga hospitali mpya mjini Baghdadi, aliamuru vipande vya nyama vitundikwe katika pande mbalimbali za mji, kisha akapachagua pale ambapo nyama ilichelewa kuoza. Kisa ni kizuri, nacho kinamfaa mtu wa tabia yake. Hata hivyo, hospitali inayotajwa mara nyingi katika kisa hicho, ile ya mfalme Adud al-Dawla, ilifunguliwa zaidi ya miaka hamsini baada ya al-Razi kufariki. Kwa hiyo msimulizi mwangalifu hutumia hapa inasemwa, wala hatumii alifanya.

Jambo lisilotiliwa shaka kiasi hicho ni namna alivyofundisha, kwa kuwa limeandikwa na Ibn al-Nadim, aliyetunga orodha yake kubwa ya vitabu vya Kiarabu katika karne ileile ya 10. Al-Razi aliketi katikati ya wanafunzi wake, nao wanafunzi wakaketi na wanafunzi wao, duara kwa duara. Mgonjwa alipokuja hakupelekwa moja kwa moja kwa mkuu. Aliwaeleza maradhi yake wale aliowakuta kwanza. Wakiweza, humhudumia, wakishindwa, humpitisha kwa wa duara la ndani, na hao nao wakishindwa, ndipo al-Razi mwenyewe huzungumza. Mzee huyo mwenye kichwa kikubwa, kama Ibn al-Nadim alivyomwelezea, alikuwa mpole kwa wagonjwa, mkarimu kwa maskini, na kila aliyemtembelea alimkuta ananakili au anaandika. Aliandika hata kitabu cha tiba kwa ajili ya mtu asiyekuwa na tabibu karibu, chenye dawa za vyakula na mimea inayopatikana sokoni na jikoni.

Kitabu kilichomletea sifa ya kudumu ni kile kidogo kinachohusu ndui na surua. Kabla yake maradhi hayo mawili yalitajwa pamoja, kwa kuwa yote huanza na homa na yote hutoa vipele. Al-Razi aliyatenganisha. Aliona kwamba maumivu ya mgongo humzidi mwenye ndui, ilhali kichefuchefu na fadhaa humzidi mwenye surua. Akaeleza vipele vinavyotoka, vinavyoiva, na vinavyoashiria hatari. Sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. Alidhani damu ya mtoto huumuka mwilini mfano wa maji ya zabibu yanavyoumuka yakageuka divai, na kwamba ndui ni povu la mwumuko huo. Hakuna aliyejua habari za virusi wakati ule. Lakini dalili alizoziorodhesha zilikuwa za kweli, na tabibu aliyezifuata aliweza kuyatofautisha maradhi hayo kitandani mwa mgonjwa. Eneo letu la Afrika Mashariki lina sehemu yake katika mwisho wa habari hiyo: mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mkazi wa Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Surua ingalipo, na watoto wetu huchanjwa.

Katika shajara zake za kitabibu limo jambo jingine la namna hiyohiyo. Alipotaka kujua kama kuumika kunamsaidia mtu mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo, aliwagawa wagonjwa, kundi moja akaliumika na jingine akaliacha makusudi, ili alinganishe. Watafiti wa leo huhesabu tendo hilo miongoni mwa majaribio ya mwanzo yenye kundi la kulinganishia.

Sasa tuje maabarani.

Al-Razi aliandika vitabu kadhaa vya alkemia, na kinachojulikana zaidi ni Kitab al-Asrar. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa jina hilo: kitab ni kitabu, na asrar ni wingi wa sirr, ambalo kwetu ni siri. Kitabu cha Siri, basi. Wanaalkemia wengi waliomtangulia waliandika kwa mafumbo, wakazificha dawa nyuma ya majina ya wanyama na sayari ili asiyestahili asielewe. Kitabu cha al-Razi, pamoja na jina lake, kinaficha machache mno. Kimegawanyika katika sehemu tatu: vitu vinavyotumika, vyombo, na namna ya kufanya kazi. Mpangilio huo hauko mbali na ule anaoutumia mwanafunzi wetu wa kidato chochote anapoandika ripoti ya jaribio.

Vitu alivigawa kwa asili yake: vya madini, vya mimea na vya wanyama, pamoja na vile vinavyotengenezwa kutokana na hivyo. Vya madini akavigawa tena katika mafungu sita. La kwanza aliliita roho, yaani vitu vinavyopaa vikipata moto: zebaki, salfa, aina za aseniki, na chumvi ambayo leo tunaiita kloridi ya amonia. La pili ni miili, nazo ni metali. Yakafuata mawe, kisha vitriolo, boraksi na chumvi. Tazama msingi wa mgawanyo huo: vitu vinapangwa kufuatana na vinavyofanya motoni, wala si kwa rangi tu au kwa bei yake sokoni.

Vyombo navyo vinafurahisha, hasa kwa mtu wa lugha. Chombo cha kuchemshia kiliitwa kara, neno la Kiarabu lenye maana ya mung'unye au kibuyu, kwa sababu kilikuwa na tumbo pana na shingo. Juu yake kilivikwa kifuniko chenye mdomo mrefu ulioinama, al-anbiq, jina ambalo Waarabu walilipokea kutoka kwa Wayunani na kulipitisha hadi lugha za Ulaya. Mwisho wa mdomo huo kilikaa chombo cha kupokelea, kilichoitwa kabila kwa matamshi yetu. Neno hilohilo katika Kiarabu lina maana ya mkunga, na sababu yake ni dhahiri: wote wawili hupokea kinachotoka. Mzizi wake ndio ule uliotupatia kitenzi kubali.

Kazi ilikwenda hivi. Mchanganyiko ulitiwa ndani ya kibuyu cha kioo au cha udongo uliopakwa rangi ya kioo. Maungio yalizibwa kwa udongo uliokandwa ili mvuke usitoroke. Moto ukawashwa chini yake. Kimiminika chepesi kuchemka kilitangulia kupaa, mvuke wake ukagusa kifuniko kilichopoa, ukageuka matone, na matone yakateremka kwenye mdomo na kudondokea chomboni. Kimiminika kigumu kuchemka kilibaki nyuma. Katika maabara ya leo kibuyu kimekuwa chupa ya kioo yenye tako la mviringo, kifuniko kimekuwa mrija uliozungukwa na maji baridi, na mkunga amekuwa birika au chupa ya kawaida. Kanuni haikubadilika. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za selisiasi na maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia hujaa ethanoli.

Hizo nyuzi 100 ni za pwani. Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima vilivyo takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Maji yetu huchemka yakikaribia nyuzi 95, na ethanoli nayo hushuka. Nimepata kumsikia mwalimu mgeni akilaumu kipimajoto. Al-Razi hakuwa na kipimajoto cha kulaumu. Mafundi wa zama zake waliyapima majoto kwa aina ya moto: kibuyu kikiwa ndani ya sufuria ya maji hakiwezi kuzidi joto la maji yanayochemka, kikiwa juu ya majivu ya moto hupanda zaidi, kikikabili makaa yenyewe hupanda zaidi ya hapo.

Mara moja haitoshi, na hilo alilijua vyema. Anapoeleza usafishaji wa nafta, yale mafuta meusi yanayochimbuka ardhini, anaagiza yachanganywe na udongo mithili ya sabuni nzito, yakenekwe, kisha yarudiwe mpaka yatoke meupe, safi. Mafuta meusi ni vimiminika vingi vilivyochanganyika, na kile kilichotoka baada ya kurudiarudia kilikaribiana na mafuta ya taa yaliyomulika nyumba nyingi za vijijini mwetu kabla ya umeme wa jua. Kurudia kuna mpaka wake, lakini. Maji na ethanoli zikikenekwa hata mara mia, hubaki maji kiasi cha asilimia 4 hadi 5 ambayo hayaachani na ethanoli kwa moto peke yake. Huhitajika njia nyingine ya kuyaondoa.

Hapa yafaa nitoe tahadhari. Vitabu vingi vya shule humpa al-Razi heshima ya kugundua alkoholi, na vingine humwongezea asidi ya salfa. Mimi simpi heshima hizo, na ningependa walimu wasizikariri kana kwamba zimethibitika. Kwamba mvuke wa divai iliyochemshwa huwaka moto kumetajwa tayari katika maandishi yanayonasibishwa na Jabir bin Hayyan, aliyemtangulia. Neno alkoholi lenyewe limetokana na al-kuhl, ambao ni wanja, unga laini wa kupaka machoni. Maana ya kimiminika ilikuja baadaye sana, tena Ulaya. Alichokifanya al-Razi kinatosha bila nyongeza: aliandika vyombo na hatua kwa uwazi uliomwezesha msomaji asiyemjua kufanya kazi ileile.

Kazi hiyo haikukoma kwake. Kisiwani Pemba kipo kiwanda kinachokeneka mafuta kutokana na makonyo ya karafuu. Mvuke hupitishwa katikati ya makonyo, hubeba mafuta, kisha hupozwa. Na hapo hutokea jambo linalowashangaza wanafunzi, kwa kuwa mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, basi hutuama chini badala ya kuelea. Vimiminika visivyoingiana namna hiyo havihitaji moto wa pili. Huachwa vitulie vikatengana vyenyewe, na maabarani hutiwa katika faneli yenye bilula chini, kimoja kikafunguliwa kitoke na kingine kikabaki. Huko Omani, katika milima ya Jabal Akhdar, waridi hukenekwa kila mwaka kupata marashi. Kwetu Rwanda, kukeneka kunakojulikana zaidi mitaani ni kwa kanyanga, pombe kali iliyopigwa marufuku, na labda ndiyo sababu kitenzi hiki hakipendwi kutajwa darasani. Mtengenezaji wa kanyanga hatenganishi kwa kipimo, na kinachotoka chomboni hakuna anayekijua hasa.

Turudi kwa al-Razi, na kwa gharama aliyoilipa. Macho yake yaliharibika uzeeni. Sababu zinazotolewa ni nyingi kuliko zinavyoweza kuwa za kweli zote. Ibn al-Nadim alitaja ulaji wa maharagwe mapana kwa wingi. Wengine wamelaumu moshi na mivuke ya vibuyu vyake, jambo ambalo yeyote aliyewahi kupasha zebaki na aseniki katika chumba kisicho na dirisha angelikubali upesi. Wapo wanaosimulia kwamba mtawala Mansuri, ambaye al-Razi alimtungia kitabu kikubwa cha tiba, alimpiga kichwani kwa kitabu chake cha alkemia baada ya jaribio la dhahabu kushindwa. Hiki nakiona ni kisa cha barazani. Inasimuliwa pia kwamba usiku aliweka taa katika shubaka la ukuta na kuegemeza kitabu hapo, ili usingizi ukimchukua kitabu kianguke kimwamshe.

Mtoto wa jicho ulipomfunika kabisa, aliletewa mganga wa macho ili amfanyie upasuaji. Al-Razi alimuuliza kwanza jicho lina tabaka ngapi. Mganga hakujua. Al-Razi akakataa asiguswe na mtu asiyejua hilo, na alipobembelezwa alijibu kwamba dunia amekwisha kuitazama vya kutosha. Alifariki mjini kwake Rayy mwaka 925.

Miaka mia moja hivi baadaye mwanachuoni al-Biruni alijitolea kuorodhesha maandishi yake, akahesabu 184. Mengi yamepotea. Kitabu cha Siri kilibaki, na mwaka 1937 Julius Ruska alikichapisha kwa Kijerumani, wakemia wa zama zetu wakaweza kukisoma hatua kwa hatua. Maandishi makubwa kuliko yote, yanayoitwa al-Hawi, hayakuwa kitabu alipofariki. Yalikuwa marundo ya shajara, yakiwa mikononi mwa dada yake. Waziri Ibn al-Amid aliyanunua kwa huyo dada, akawakusanya wanafunzi wa marehemu wayapange. Mwaka 1279 yalitafsiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1486 yakapigwa chapa huko Brescia, Italia.

Katika shajara hizo kila maradhi yana ukurasa wake. Juu zimenakiliwa kauli za Wayunani, Wahindi na Waajemi waliomtangulia, kila kauli ikiwa na jina la mwenyewe. Chini yake, pale anapoanza kuandika yale aliyoyaona kwa macho yake kabla hayajazimika, ametia alama ya herufi mbili tu za Kiarabu, li, maana yake yangu.